Kifaransa au Kichina kutoka sifuri: je, miaka mitatu ya chuo inatosha?

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya lugha hapa hapa Dar es Salaam. Natakiwa kuchukua lugha moja ya kigeni nikianza na sifuri, na ninayumba kati ya Kifaransa na Kichina. Miaka mitatu inatosha kufika kiwango cha kuajiriwa? Halafu nusu ya kozi zangu ni isimu, yaani sayansi ya lugha. Mimi nilitaka kuongea lugha. Fonolojia na mofolojia ni za nini? Na je, ni lazima ninunue laptop kabla chuo hakijafunguliwa? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Kwa Kifaransa inatosha, kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa hesabu. Kwa Kichina haitoshi kukufikisha unakofikiria, ila inatosha kukufikisha pa kuombea ufadhili ukamalizie mbele. Isimu usiikimbie: ndiyo itakayokufupishia njia, mradi uitumie ukianzia kwenye Kiswahili chako na si kwenye Kiingereza cha shule. Hilo la mwisho ndilo wengi hawaambiwi, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Tupige hesabu kwanza. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo ni krediti 120. Angalia vizuri: saa 10 za kazi ya mwanafunzi, siyo za kukaa mbele ya mwalimu. Kozi ya lugha ya krediti 12 ni saa 120. Mkikutana na mwalimu saa 4 kwa wiki, wiki 15, mmemaliza 60. Hizo 60 nyingine ni zako peke yako, na ratiba ya ukutani haizionyeshi, ndiyo maana hupotea kimya kimya kwenye foleni ya Ubungo na kwenye simu. Ukichukua kozi moja ya namna hiyo kila semista kwa semista sita, una saa 360 za darasani na 360 za kwako: jumla 720.

Sasa linganisha na ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2. Kwa Kifaransa, makadirio ya kawaida ya walimu ni saa 350 hadi 400 kufika B1, na 560 hadi 650 kufika B2. B1 ni mtu anayeweza kujieleza dukani, hospitalini, njiani, na kuandika barua fupi yenye makosa yanayovumilika. B2 ni mtu anayekaa kwenye kikao, anafuata mabishano, anasoma mkataba na kuandika ripoti. Huyo ndiye mwajiri anayemtafuta anapotangaza kazi ya "anayejua Kifaransa". Kwa hiyo aliyehudhuria vipindi vyote na hakufanya cha ziada anaondoka na B1, tena ya kuchechemea. Aliyelipa lile deni la saa 360 ana B2. Sharti lenyewe ndilo hilo. Wawili hao huvaa joho siku moja na kupewa cheti kinachofanana.

Kwa Kichina hesabu inakataa. Chuo kinachofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukiweka Kichina, pamoja na Kiarabu, Kijapani na Kikorea, kwenye kundi la saa 2,200 za darasani kwa mtu mwenye Kiingereza. Saa zako 720 ni kama theluthi tu. Ukijibidiisha utafika ngazi ya 3 ya HSK, mtihani wa kimataifa wa Kichina, inayodai maneno 600 kwa mfumo uliozoeleka, au ya 4 yenye maneno 1,200. Hapo unaweza kujadili bei na muda wa mzigo na fundi mkuu wa mradi, ila huwezi kutafsiri mkataba wa ujenzi. (Mwaka 2021 China ilitoa viwango vipya vya ngazi tisa, kwa hiyo siku ya kujiandikisha mtihani uliza unapimwa kwa mfumo upi.)

Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi, ya kufungua mdomo. Darasa la watu 40, saa 60 za semista, yaani dakika 3,600. Tuseme mwalimu wako ni mkarimu, nusu ya muda anawaachia ninyi mzungumze, mmoja mmoja. Dakika 1,800 gawa kwa 40: dakika 45. Kwa semista nzima! Kwa miaka mitatu ni saa nne na nusu. Hakuna aliyewahi kujua kuendesha hata bajaji kwa saa nne na nusu za usukani. Ndiyo maana wahitimu wengi wanasoma vizuri, wanaandika vizuri, na wakipigiwa simu na mtu wa Lubumbashi wanampa mwenzao aongee.

Tiba yake haina gharama. Tafuteni kimbweta, yale meza ya nje ya kujisomea, muwe watatu. Wawili mnaishia kupiga soga kwa Kiswahili, wanne mmoja anakuwa mtazamaji. Kaeni dakika 40, mara tatu kwa wiki. Dakika 10 za kwanza kila mtu anaeleza jambo moja alilolifanya jana bila kusoma popote. Dakika 20 ni igizo lenye tatizo: mzigo umekwama forodhani, mgonjwa haelewi dozi, mgeni amepoteza pasipoti. Dakika 10 za mwisho mnaandika sentensi zilizowashinda na kuzipeleka kwa mwalimu kwenye semina. Kosa linaloua vikundi hivi ni kusahihishana kila neno. Baada ya wiki mbili yule mwoga haji tena. Wa tatu aandike makosa pembeni, ayasome mwishoni.

Nirudi kwenye uchaguzi wako. Kifaransa kina soko la karibu. Burundi na Kongo tunapakana nazo, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na shehena yake nyingi inapita bandari yetu na kupanda malori kuelekea Tunduma. Ofisi za mawakala wa forodha zinahitaji mtu anayejua kwamba hati ya shehena ni *connaissement*, wakala wa forodha ni *transitaire* na kutoa mzigo forodhani ni *dédouanement*. Maneno hayo hayamo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, yatafute mwenyewe. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Kifaransa ni mojawapo ya lugha zake. Kichina kina miradi ya ujenzi, viwanda na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza mzigo Guangzhou na Yiwu, na mlango wa ufadhili ni mpana kuliko wa Kifaransa. Kama lengo lako ni kazi ndani ya miezi michache baada ya kuhitimu, chukua Kifaransa. Kama una subira ya miaka mitano na uko tayari kwenda China mwaka mmoja au miwili, chukua Kichina. Kuchukua Kichina kwa kuwa "watu wachache wanakijua", halafu ukaishia HSK 2, ni kupoteza muda. Bora ungechukua Kifaransa.

Hukuuliza habari za Kiarabu, lakini kama ulipita madrasa, kifikirie kabla hujajaza fomu. Sauti zake nyingi tayari unazo mdomoni, na kitabu, katibu, maktaba na mkataba yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa konsonanti k-t-b. Msamiati utakuja haraka. Sarufi haitakuja haraka.

Sasa isimu. Kosa kubwa la mwanafunzi wa HKL ni kujifunza Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu ndicho alichofundishwa kukiona kuwa "lugha ya kigeni", na vitabu vingi vinaeleza kwa Kiingereza. Chukua sentensi hii: *ninamwona*. Ivunje: ni-na-mw-on-a. Mtendaji kwanza, anayetendwa katikati, kitenzi mwisho. Kifaransa ni *je le vois*: mimi, yeye, naona. Mpangilio ni ule ule. Kiingereza ndicho kinachomweka anayetendwa nyuma ya kitenzi. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza anaandika *je vois le* na anasahihishwa hadi mwaka wa pili. Anayetafsiri kutoka Kiswahili hana sababu ya kukosea. Ninakupenda ni *je t'aime*: "ku" imekaa pale pale ilipokaa *t'*. Hata wakati uliopita, nimemwona ni *je l'ai vu*, ile *l'* imetangulia. Hiyo ni sintaksia, elimu ya mpangilio wa maneno, na imekupunguzia mwaka mzima wa kusahihishwa kosa lile lile.

Jinsia ya nomino nayo watu huililia bure. Unasema kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea, na hujawahi kuona tabu. Upatanisho wa kisarufi umekulia nao kwa ngeli nyingi. Kifaransa kina makundi mawili tu. Tofauti ni kwamba Kiswahili mara nyingi kinaonyesha kundi kwenye nomino yenyewe, ki- na vi-, Kifaransa kinalionyesha kwenye neno linaloitangulia. Kwa hiyo usiandike kamwe *table* peke yake kwenye daftari. Andika *une table*, *un livre*, kama ambavyo hujifunzi "tabu" ukaja kuongeza "ki" baadaye. Miisho inasaidia: *-tion* karibu yote ni ya kike, *-ment* na *-age* mengi ni ya kiume, isipokuwa machache kama *page*, *image* na *plage*. Kitu ambacho Kiswahili hakikupi ni tofauti ya *il* na *elle*, kwa kuwa sisi "yeye" anatutosha. Ndiyo maana utasikia mtu anaeleza habari za baba yake kwa *elle* na hajistukii. Hilo halirekebishwi kwa kukariri kanuni, linataka mazoezi ya mdomo: taja watu 10 wa nyumbani kwenu, kila mmoja kwa sentensi mbili, haraka, kila siku kwa wiki tatu.

Ukichagua Kichina utafurahi kwa hilo, maana *tā* ya kusemwa ni kama "yeye" wetu, haibagui mwanamke na mwanaume. Vitenzi havinyambuliki. Hesabu ni nyepesi, 11 ni *shí yī*, kumi moja. Shida iko kwenye sauti, na hapo ndipo fonetiki inapolipa. Herufi b ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi kama zetu, siyo b yetu. Kichina kwenye *b* na *p* hakitofautishi mghuno (mtetemo wa kooni), kinatofautisha mpumuo. Yaani *bā*, nane, inatamkwa karibu na "pa" ya paa la nyumba, na *p* inatamkwa kwa kupuliza pumzi. Tofauti hiyo ipo kwenye Kiswahili cha zamani cha pwani: paa la nyumba halina mpumuo, paa yule mnyama anao, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Sisi wa Dar es Salaam wengi tumeipoteza, lakini mzee wa Mombasa au Lamu bado anaitamka. Mkute, mwombe aseme "paa juu ya paa", na weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake sentimita tano hivi. Paa mnyama itaitikisa karatasi, paa la nyumba haitaitikisa. Ukishaona hivyo kwa macho, p na b, t na d, k na g za pinyin hazitakusumbua tena.

Toni ni jambo jingine. Kiswahili hakina toni, kina mkazo, na mkazo wenyewe karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" ni miongoni mwa maneno machache ambapo mkazo unabadili maana. Aliyekulia kwenye Kihaya au Kisukuma, lugha zenye toni, ana sikio lililoandaliwa, ingawa toni za Kibantu hazifanyi kazi kama za Kichina. Mzawa wa jijini asiyejua lugha nyingine anaanza nyuma kidogo, na silaha yake ni kurekodi.

Kurekodi kwenyewe kuna namna. Utahitaji programu ya Praat, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink. Ni ya bure, na utakutana nayo tena kwenye kozi ya fonetiki. Rekodi kwa programu ya simu inayotoa faili za WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti ya upande mmoja. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp: unabana sauti na kula sehemu ya taarifa unayoitafuta. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Zima feni. Chumba cha hosteli chenye sakafu ya vigae kina mwangwi, kwa hiyo fungua kabati la nguo urekodi ukiwa umelielekea. Sema *mā, má, mǎ, mà*, mara tano kila moja, kisha weka sauti ya mwalimu na yako kwenye Praat na utazame mstari wa buluu wa kimo cha sauti. Wa kwanza unyooke juu, wa pili upande, wa tatu ushuke na kubaki chini kabla ya kuinuka, wa nne udondoke. Ukiona mstari wako unaruka ghafla juu na kurudi, usijilaumu, mara nyingi ni mipaka ya kimo uliyoweka: kwa mwanaume jaribu hezi 75 hadi 300, kwa mwanamke 100 hadi 500. Na kumbuka kwamba toni ya tatu ikifuatwa na ya tatu, ya kwanza hugeuka ya pili. *Nǐ hǎo* husemwa *ní hǎo*. Anayetamka neno neno kama ilivyoandikwa anasikika kama tangazo la benki.

Kwa Kifaransa zoezi ni hilo hilo, ila sauti za kukamata ni mbili. Ya *tu* haipo kwetu: tamka "i", ulimi usiusogeze, kisha sogeza midomo tu kama ya "u". Ulimi ukirudi nyuma umesema *tout*, neno jingine. Na irabu za puani: *bon* hakuna n ya kuisikia mwishoni, pumzi inapita mdomoni na puani kwa pamoja. Sisi tumezoea silabi ziishe na irabu, kwa hiyo tunasema "boni" bila kujua. Ziba pua kwa vidole ukisema *bon*. Sauti ikibadilika kote, uko sawa, ikiwa imekatika mwishoni tu, umesema n.

Mtihani wa isimu unaangusha watu kwa sababu nyingine kabisa. Wanakariri madesa, fasili ya mofimu (kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana) kwa mujibu wa huyu na yule, halafu swali linakuja na data. Kwa mfano, unapewa *hatukuwapikia* uambiwe taja mofimu zake. Wengi wanajibu saba, na ni saba kweli, lakini wanaandika ha-tu-ku-wa-pi-ki-a. Hizo ni silabi, ambazo kwa bahati mbaya nazo ni saba. Mofimu ni ha-tu-ku-wa-pik-i-a: ukanushi, sisi, wakati uliopita wa kukanusha, wao, mzizi, kutendea, kiishio. Hesabu imelingana, mipaka haikulingana, na anayesahihisha anatazama mipaka.

Swali la pili linalopendwa ni hili: pikia, limia, katia, fungia, lakini chekea, letea, somea, chomea. Kwa nini mara -i-, mara -e-? Mwanafunzi makini anapanga irabu za mizizi: i, a, u huchukua -i-, e, o huchukua -e-. Vizuri. Sasa anapewa kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, panga, pangua, choma, chomoa. Anarukia kusema kanuni ni ile ile, e na o huchukua -o-. Halafu kuna *tega*: tunasema tegua, siyo tegoa. Kumbe safari hii ni o peke yake inayoivuta o, e imejiunga na kundi jingine. Alama zipo pale, kwenye kuona kwamba kanuni mbili zinazofanana hazilingani, na huwezi kuona bila kuandika mifano yote kwenye jedwali kabla ya kuandika sentensi hata moja. Ukikutana na *chukulia* na *tembelea* ukashangaa l imetoka wapi, usiseme imechomekwa: ni l ya kale iliyodondoka kwenye chukua na tembea, ikabaki pale kauli ya kutendea ilipoikinga. Maneno ya Kiarabu kama sahau na samehe yana mambo yake, yaweke pembeni na useme umeyaweka pembeni kwa sababu gani.

Fanya hivyo wiki kwa wiki na hutaona sapu, mtihani wa marudio. Mgawanyo unaozoeleka ni alama 40 za kosiweki na 60 za mtihani, na daraja la pili la juu linaanzia GPA (wastani wa alama zako zote) ya 3.5. Kozi za mwaka wa kwanza zinahesabiwa sawa na za mwisho, kwa hiyo anayelegea semista ya kwanza "akizoea mazingira" hutumia miaka miwili kujinasua.

Zile saa 60 zako kwa kila kozi zigawe hivi: saa 4 kwa wiki. Kimbweta kimechukua 2. Saa moja ni ya imla. Kwa Kifaransa, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, inayokuja na maandishi. Chukua dakika moja tu. Sikiliza mara moja bila kalamu, mara tatu ukiandika, kisha fungua maandishi na hesabu makosa kwa aina: yale ambayo sauti hukuisikia, yale uliyosikia ukashindwa kuandika, na yale ambayo neno lenyewe hulijui. La kwanza ni la fonetiki, la pili la tahajia, la tatu la msamiati, na kila moja lina dawa yake. Mtu anayesikiliza dakika zote 10 akiwa kwenye daladala anapata mazoea ya mdundo, siyo zaidi, ingawa si vibaya. Mbagala hadi Mlimani una muda wa kutosha. Saa iliyobaki ni ya kadi za maneno, dakika 12 kwa siku, siku 5. Kadi 10 mpya kila siku, kwa wiki 15, ni maneno 750. Andika sentensi fupi, siyo neno tupu, na irudie siku ya 1, 3, 7 na 21. Anayechukua Kichina afunike pinyin kuanzia wiki ya sita, la sivyo jicho litaikimbilia na herufi hazitaingia kamwe.

Programu za kutafsiri usizitumie kwenye kazi za mwaka wa kwanza. Si suala la wizi tu. Ukiandika "yeye ni daktari" mara nyingi mashine inakuchagulia mwanaume, na wewe hujui kwamba imechagua.

Kuhusu kuajiriwa, cheti cha chuo hakimwambii mwajiri wa nje uko ngazi gani. Mwaka wa tatu fanya mtihani wa kimataifa. DELF ya Kifaransa ina sehemu nne za alama 25: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla ni 70, na mara nyingi ni kuzungumza au kusikiliza kunakowamaliza watu wetu. Cheti chake hakina mwisho. HSK 3 ni alama 300, unafaulu kwa 180, na ukiombea chuo matokeo yanakubalika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usiifanye mapema ukaiacha iishe muda. Kwa Kifaransa ulizia Alliance Française, Upanga. Kwa Kichina, Taasisi ya Confucius iliyopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Uliza tarehe mwanzoni mwa mwaka, maana vipindi vya mtihani ni vichache na kujiandikisha hufungwa wiki kadhaa kabla. Na usisahau mlango wa nyuma: kufundisha Kiswahili kwa wageni. Mgeni atakuuliza kwa nini ni "somea" na siyo "somia", na mwenye isimu peke yake ndiye mwenye jibu.

Laptop, hapana, si kwa semista ya kwanza. Simu uliyonayo inarekodi, inacheza redio na inabeba kadi. Nunua earphone za waya zinazoziba sikio vizuri, daftari mbili zenye mistari, na kama ni Kichina, la tatu lenye vyumba vya mraba. Kozi ya fonetiki ikianza utahitaji kompyuta ya Praat. Programu hiyo ni nyepesi, mashine ya mtumba yenye RAM ya 4 GB inaiendesha bila wasiwasi. Ukienda Kariakoo kuinunua, beba faili lako la WAV kwenye flashi na zile earphone, lifungue pale pale dukani: spika mbovu zinavumilika, tundu la earphone lililokufa halivumiliki.